Sumu baharini: Samaki wa pwani huugua kabla binadamu hajang'amua

SAMAKI anayerukaruka wavuni huku magamba yaking'aa huhesabiwa na wengi kuwa mzima. Mvuvi hutazama macho na mashavu yake, mnunuzi humnusa na kumbonyeza mnofu, kisha bei hupatanwa.

Vipimo hivyo vya jadi hutosha kumtambua samaki aliyeanza kuoza. Samaki aliyedhuriwa na kemikali, hata hivyo, huweza kuvipita vyote bila tatizo.

Utafiti uliofanywa kwa zaidi ya miaka 40 katika pwani mbalimbali duniani umebainisha kuwa taka za viwandani, mafuta ya meli na maji machafu ya miji humdhuru samaki kwanza katika viungo visivyoonekana kwa macho: ini, moyo, mayai na mishipa ya fahamu. Samaki huyo anaweza kuishi miaka kadhaa akiwa mgonjwa, akavuliwa, akauzwa na kuliwa bila yeyote kushuku.

Kwa jamii zinazotegemea uvuvi wa karibu na ufuo, kama zilivyo nyingi kuanzia Vanga hadi Kiunga, suala hili lina uzito wa pekee. Samaki wagonjwa hutaga mayai machache, makinda yao hufa mapema, na hatimaye nyavu hurudi nyepesi bila ya wavuvi kujua chanzo.

Sumu humfikia vipi samaki?

Kemikali huingia mwilini mwa samaki kwa njia tatu kuu. Ya kwanza ni mashavu, ambayo hupitisha maji mengi kila dakika ili kupata hewa ya oksijeni. Ya pili ni chakula. Ya tatu ni ngozi, hasa kwa samaki wanaolala juu ya tope au kujifukia ndani yake.

Tope la chini ya bahari ndilo ghala kuu la sumu. Kemikali nyingi haziyeyuki vizuri majini, hivyo hushikamana na chembechembe za udongo na kutulia chini. Maji ya juu yanaweza kuonekana maangavu ilhali tope lililo chini yake limehifadhi taka za miaka 50 iliyopita.

Minyoo, chaza na kaa wadogo hula katika tope hilo. Samaki wadogo huwala viumbe hao, nao huliwa na wakubwa. Haba na haba hujaza kibaba: sumu isiyoweza kuvunjwa na mwili huzidi kujilimbikiza katika kila hatua, hata samaki wawindaji walio juu kabisa, kama vile papa na sulisuli, wakawa na kiwango kikubwa mara nyingi kuliko cha maji wanamoishi.

Si sumu zote, hata hivyo, zinazofuata mkondo huo. Wanasayansi huzigawa katika makundi kadhaa kulingana na jinsi mwili wa samaki unavyozipokea.

Kundi la kwanza ni madini mazito kama zebaki, risasi na kadmiamu. Zebaki inapogeuzwa na bakteria wa topeni kuwa zebaki ya methili, huingia katika mnofu na kudumu humo.

Kundi la pili ni kemikali zinazopenda mafuta ya mwili, zikiwemo dawa ya wadudu ya DDT na zile za jamii ya PCB zilizotumiwa kwa miaka mingi katika transfoma za umeme. Hizi hukaa katika mafuta na ini, na huchukua miaka mingi kutoweka.

Kundi la tatu ni kemikali za jamii ya lami na mafuta, ambazo kwa kifupi huitwa PAH. Hupatikana katika mafuta ghafi, lami, masizi na moshi wa injini. Kundi hili ndilo lililowafungua macho watafiti kuhusu maradhi ya samaki, na kisa chake kinachofahamika zaidi ni cha Marekani.

Kisa cha Eagle Harbor

Puget Sound ni mkono mkubwa wa bahari ulioko katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Jiji la Seattle limejengwa ukingoni mwake. Mkabala na jiji hilo kuna kisiwa cha Bainbridge, chenye ghuba ndogo iitwayo Eagle Harbor.

Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi mwaka wa 1988, kiwanda kimoja katika mlango wa ghuba hiyo kilikuwa kikilowesha nguzo na mataruma ya reli katika kriosoti, dawa nyeusi itokanayo na makaa ya mawe ambayo huzuia mbao kuoza. Kriosoti imejaa kemikali za PAH. Kwa miongo mingi dawa hiyo ilivuja ardhini na kuingia baharini.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, wanasayansi wa serikali ya Marekani walianza kuwachunguza samaki wa Puget Sound kwa kuwapasua na kuangalia viungo vyao kwa hadubini. Walimchagua samaki bapa ajulikanaye kwa jina la kisayansi Parophrys vetulus, aliye na umbo kama la gayogayo wa pwani ya Afrika Mashariki.

Samaki huyo alifaa kwa sababu mbili. Hulala topeni na kula minyoo ya humo, na hurejea mahali pamoja kujilisha msimu baada ya msimu. Kwa hivyo, mwili wake ni kumbukumbu ya hali ya tope la eneo hilo.

Matokeo yaliwashtua wengi. Katika miaka ya 1980, takriban robo ya samaki hao waliochunguzwa Eagle Harbor walikuwa na uvimbe katika ini, na wengine wengi walikuwa na mabadiliko ya seli yanayotangulia saratani. Katika maeneo safi ya Puget Sound, uvimbe wa namna hiyo ulikuwa nadra mno.

Kwa nje, wengi wa samaki hao hawakuwa na kasoro yoyote ya kutajika.

Ili kuthibitisha chanzo, watafiti walichukua kemikali zilizokamuliwa kutoka tope chafu na kuwadunga samaki wazima katika maabara. Baada ya muda, maini ya samaki hao yalianza kuonyesha mabadiliko ya aina ile ile iliyoonekana baharini.

Ini lajiponza lenyewe

Ini la samaki, kama la binadamu, lina kazi ya kuondoa sumu. Vimeng'enya vyake huzikamata kemikali za PAH na kuzigeuza ili ziweze kuyeyuka majini na kutolewa kwa njia ya nyongo.

Tatizo ni kwamba baadhi ya kemikali hizo, zikiwa katikati ya safari hiyo ya kugeuzwa, huwa kali kuliko zilivyokuwa awali. Hujibandika kwenye chembe za urithi ndani ya seli za ini na kuzivuruga. Seli zilizovurugwa zikigawanyika kwa miaka kadhaa, huweza kuzaa saratani.

Jambo hili lina maana kubwa kwa wakaguzi wa chakula. Kwa kuwa samaki huvunja PAH kwa haraka, mnofu wake unaweza kupimwa ukaonekana kuwa na kiasi kidogo tu cha kemikali hizo, ilhali ini la samaki huyo huyo linaangamia. Anayepima mnofu pekee huenda akatangaza kuwa bahari ni salama wakati viumbe vyake vinaugua.

Ndiyo maana wataalamu hupima pia nyongo, ambamo mabaki ya kemikali zilizovunjwa hukusanyika, na kulichunguza ini lenyewe kwa hadubini.

Uzazi unapodhoofika

Madhara hayakuishia kwenye ini. Utafiti wa Puget Sound ulionyesha kuwa samaki wengi wa kike kutoka maeneo yaliyochafuliwa vibaya, ikiwemo Eagle Harbor, walishindwa kukomaza mayai msimu wa kutaga ulipowadia.

Kemikali fulani pia huiga homoni za mwili. Katika ghuba ya Elliott, iliyo ukingoni mwa jiji la Seattle, na katika milango ya baadhi ya mito ya Uingereza, samaki bapa wa kiume walipatikana wakiwa na protini ya kiini cha yai katika damu yao. Protini hiyo kwa kawaida hutengenezwa na samaki wa kike wanapojiandaa kutaga.

Kemikali zinazoshukiwa kusababisha hali hiyo ni pamoja na mabaki ya homoni za kike yanayotoka katika mwili wa binadamu kupitia majitaka, yakiwemo ya vidonge vya kupanga uzazi, pamoja na kemikali za viwandani zinazofanana nazo.

Mafuta na moyo wa kinda

Mnamo Machi 24, 1989, meli ya Exxon Valdez ilipanda mwamba katika ghuba ya Prince William Sound, jimboni Alaska, na kumwaga takriban lita milioni 41 za mafuta ghafi. Picha za ndege waliolowa mafuta zilienea kote duniani. Yaliyowapata samaki yalichukua miaka mingi zaidi kueleweka.

Watafiti waligundua kwamba mayai ya samaki aina ya heringi na samoni huathirika kwa kiasi kidogo mno cha mafuta, kidogo kuliko ilivyodhaniwa hapo awali. Kiinitete ndani ya yai hupata kasoro ya moyo: mapigo hupungua, maji hujikusanya kuuzunguka moyo, na umbo lake huharibika.

Baada ya mkasa mwingine wa mafuta katika Ghuba ya Mexico mwaka wa 2010, uchunguzi wa jodari ulieleza kinachotokea. Baadhi ya kemikali za mafuta huziba njia za madini ya potasiamu na kalisi katika seli za moyo, madini ambayo ndiyo yanayouwezesha moyo kupiga kwa utaratibu.

Kinda linaloponea hapo huweza kukua likionekana la kawaida lakini likawa na moyo dhaifu. Haliogelei kwa kasi, hivyo hushindwa kuwatoroka maadui na kufukuza chakula. Vifo vya aina hii havionekani ufuoni, kwani anayekufa huishia tumboni mwa samaki mwingine.

Shaba na matairi

Madini ya shaba hutumiwa katika rangi ya kupaka chini ya meli na mashua ili kuzuia chaza na mwani kushikamana nazo. Matumizi hayo yaliongezeka baada ya mkataba wa kimataifa ulioanza kutekelezwa Septemba 2008 kupiga marufuku rangi zenye kemikali ya TBT, iliyokuwa imewadhuru vibaya konokono na chaza wa baharini.

Majaribio yaliyofanyiwa makinda ya samoni yalionyesha kuwa kiasi kidogo sana cha shaba, mikrogramu chache tu katika lita moja ya maji baridi, hudhoofisha uwezo wao wa kunusa. Samaki hutegemea harufu kutambua hatari. Kinda lililopoteza uwezo huo hukaa pale pale adui anapokaribia. Katika maji ya chumvi makali ya shaba hupungua, lakini makinda ya aina nyingi hupitia kwanza mitoni na kwenye milango ya mito.

Mwishoni mwa mwaka wa 2020, wanasayansi wa eneo hilo hilo la Puget Sound walitegua kitendawili kilichowasumbua kwa miaka mingi. Samoni aina ya coho waliokuwa wakirudi mitoni kutaga walikuwa wakifa kila mvua kubwa iliponyesha. Chanzo kilikuwa kemikali inayotokana na dawa ya kuzuia mpira wa magurudumu usipasuke. Vumbi la matairi lilikuwa likisombwa na mvua kutoka barabarani hadi mitoni.

Si kila aina ya samaki hudhurika kwa kemikali hiyo. Baadhi ya samoni wa jamii nyingine waliistahimili. Hata hivyo, kisa hicho kilidhihirisha kuwa barabara yenye magari mengi inaweza kuwa chanzo cha sumu sawa na bomba la kiwanda.

Funzo la Minamata

Anayepuuza ugonjwa wa samaki hupuuza onyo linalomhusu mwenyewe. Mfano mchungu zaidi ni wa mji wa Minamata nchini Japani.

Kiwanda cha kemikali cha kampuni ya Chisso kilimwaga taka zenye zebaki katika ghuba ya mji huo kuanzia mwaka wa 1932 hadi 1968. Kabla ya maradhi ya binadamu kutangazwa rasmi mnamo Mei 1, 1956, wakazi walikuwa tayari wamewaona samaki wakielea ovyo, ndege wakianguka na paka waliokula samaki wakitetemeka na kuzunguka kama walioingiwa na wazimu.

Dalili hizo hazikuchukuliwa kwa uzito uliostahili. Zaidi ya watu 2,000 baadaye walitambuliwa rasmi kuwa waathiriwa, wakiwemo watoto waliozaliwa na ulemavu kwa sababu mama zao walikula samaki wakiwa wajawazito. Ghuba hiyo haikutangazwa kuwa salama hadi mwaka wa 1997, baada ya tope lake kuondolewa na sehemu yake kufukiwa.

Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutekelezwa Agosti 2017, umepewa jina la mji huo.

Hali ilivyo Pwani ya Kenya

Mazingira yaliyozaa matatizo ya Puget Sound hayako mbali na Mombasa. Kisiwa hicho kimezungukwa na mikono ya bahari ya Tudor, Makupa, Kilindini na Port Reitz, ambako bandari, matangi ya mafuta, viwanda na makazi ya watu yamebanana.

Mwaka wa 1988, takriban tani 5,000 za mafuta zilimwagika Makupa baada ya tangi kutobolewa, na mikoko mingi ikafa. Aprili 2005, mafuta mengine yalimwagika kutoka kwa meli bandarini na kuichafua mikoko ya Port Reitz.

Mikoko ndiyo malezi ya makinda ya samaki wengi wanaovuliwa pwani. Aidha, tope lake halina oksijeni ya kutosha, hivyo mafuta yaliyofukiwa humo huchelewa kuoza. Nchini Panama, mafuta yaliyomwagika mwaka wa 1986 yaliendelea kuvuja kutoka kwenye tope la mikoko kwa zaidi ya miaka mitano.

Jaa la Kibarani, lililokuwa kando ya maji ya Makupa, lilipokea taka za mji kwa miaka mingi hadi lilipofungwa mwaka wa 2018. Kaskazini zaidi, mto Sabaki huteremsha hadi karibu na Malindi maji yaliyoanzia safari yake katika nyanda za juu, yakiwemo ya mito inayopita jijini Nairobi.

Kenya ina sheria na taasisi za kushughulikia suala hili. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI) ilianzishwa mwaka wa 1979 na ina makao yake makuu Mombasa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka wa 1999 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Nchi za ukanda huu pia zimefungwa na Mkataba wa Nairobi wa mwaka wa 1985 kuhusu ulinzi wa bahari.

Kinachohitajika ni uchunguzi wa afya ya samaki wenyewe, unaorudiwa mwaka baada ya mwaka katika sehemu zile zile. Samaki wa topeni wa Kilindini wanaweza kulinganishwa na wa sehemu safi kwa kuangalia ini, nyongo na mayai. Vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fuo (BMU) vina nafasi katika kazi hiyo, kwa kuwa mvuvi ndiye wa kwanza kumwona samaki mwenye vidonda, mapezi yaliyooza au uti wa mgongo uliopinda.

Kwa mlaji, samaki bado ni chakula bora chenye protini na mafuta yafaayo moyo. Tahadhari inafaa hasa kwa wajawazito na watoto wadogo, ambao hushauriwa kuepuka samaki wakubwa wawindaji, kama papa, kwa sababu ya zebaki. Kuchemsha au kukaanga hakuondoi zebaki. Maini ya samaki waliovuliwa karibu na mabomba ya taka yafaa yatupwe.

Bahari husafishika

Habari njema ni kwamba madhara haya hupungua sumu inapodhibitiwa. Huko Eagle Harbor, kiwanda kilifungwa mwaka wa 1988, na kati ya 1993 na 1994 serikali ilifunika zaidi ya ekari 50 za tope chafu kwa mashapo safi.

Watafiti waliendelea kuwapasua samaki wale wale wa topeni kwa miaka iliyofuata. Maradhi ya ini yalipungua hatua kwa hatua, na kufikia takriban miaka kumi baadaye yalikuwa yameshuka sana, yakikaribia kiwango cha maeneo safi.

Makupa nako kumeanza kupiga hatua. Tuta la barabara lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 lilikuwa limezuia maji ya Tudor na Port Reitz kukutana, hivyo uchafu ulituama. Daraja jipya lilipozinduliwa mwaka wa 2022 na tuta kuondolewa, maji kupwa na maji kujaa yakapata njia tena.

Kupita kwa maji, hata hivyo, hakuliondoi tope la miaka 90. Iwapo samaki wa Makupa wanapona au la, ni jambo litakalojulikana tu kwa kuyafungua maini yao na kuyachunguza.